Kifaru cha maji? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno "tank"

Mwaka juzi niliombwa nipitie tafsiri ya mwongozo wa kuvuna maji ya mvua. Ukurasa wa tatu uliagiza hivi: "Weka kifaru juu ya msingi wa saruji, kisha unganisha bomba kwenye tumbo la kifaru." Chai ilinipalia. Aliyetafsiri, awe mtu au mashine, alikutana na neno "tank", akaona limeandikwa "kifaru", akaendelea na safari. Tangu nilipowasimulia watu kisa hicho, maswali hayaishi. Wanaouliza ni walimu wa historia, wanaoandika manukuu ya filamu, na fundi bomba mmoja wa mtaani kwetu ambaye ana shida yake maalumu. Nimeyakusanya hapa.

"Tank" kwa Kiingereza maana yake hasa ni nini?

Ni chombo kikubwa, au mahali palipojengwa, pa kuhifadhia maji, mafuta au gesi. Kilicho juu ya paa ni "tank", kilicho chini ya gari ni "tank", hata kile cha kioo cha kufugia samaki sebuleni ni "tank". Hiyo ndiyo maana mama.

Maana ya kijeshi, yaani gari lenye deraya nzito (mabamba ya kukinga risasi) na mzinga, linalotembea kwa minyororo badala ya magurudumu, ni mtoto wa juzi. Maneno mengi ya vita yamekua polepole midomoni mwa askari, na huwezi kumtaja aliyeanza. Hili lina tarehe ya kuzaliwa kama mtoto mwenye kadi ya kliniki: Desemba 1915. Na lilizaliwa ili kudanganya.

Kabla ya vita, neno lenyewe lilitoka wapi?

Lilitoka upande wa pili wa bahari yetu hii hii. Gujarat, magharibi ya India, mvua hunyesha miezi michache tu, na kwa karne nyingi watu wamekuwa wakichimba birika chini ya nyumba ili maji ya paa yaingie humo na kudumu mpaka msimu mwingine. Nyumba za kale za mji wa Ahmedabad zinazo mpaka leo. Birika hilo huitwa tanka.

Wareno nao, walioingia bahari hii na Vasco da Gama mwaka 1498, walikuwa na neno lao, tanque, lenye maana ya bwawa. Linatokana na kitenzi cha kwao cha kuzuia maji yasitiririke. Waingereza waliofika India kufanya biashara mwanzoni mwa karne ya 17 wakaanza kuandika "tank" kwenye barua zao. Wataalamu wa maneno wanavutana: wengine wanampa sifa Mgujarati, wengine Mreno. Mimi naona hakuna haja ya kumnyima mmoja. Bandarini watu walikuwa wakizungumza lugha nne kwa siku, na maneno mawili yenye sauti moja na maana moja yakikutana gatini, hayaulizani pasipoti.

Jambo moja la kumsaidia mfasiri: kwenye Kiingereza cha India Kusini na Sri Lanka, "tank" bado ni bwawa au ziwa la kuchimbwa, la kumwagilia mashamba ya mpunga. Ukisoma habari za mji wa kale wa Anuradhapura na ukakuta "tank" zenye zaidi ya miaka elfu mbili, usiandike vifaru. Wala usiandike matangi. Ni mabwawa.

Waswahili hawakuwa na neno lao kwa kitu hicho?

Walikuwa nalo, na bado lipo: birika. Ukienda kwenye magofu ya misikiti ya Gede au Kilwa Kisiwani utaonyeshwa birika la kutawadhia, limejengwa kwa mawe na chokaa. Ila neno hilo baadaye lilihamia jikoni, na leo ukimtuma kijana birika atakuletea chombo cha kuchemshia chai. Nikifikiria kwamba maofisa wa London walioipa silaha jina hili wangekuwa watu wa Lamu, leo tungesoma kwenye vitabu vya historia kwamba birika thelathini na mbili ziliingia vitani alfajiri. Tusiwacheke sana, maana wao walifanya jambo hilo hilo.

Haya, chombo cha maji kilikuwaje silaha?

Hapa ndipo penye utamu, kwa hiyo nivumilie.

Mwishoni mwa 1914 vita vya Ulaya vilikuwa vimekwama. Mahandaki yalianzia pwani ya Ubelgiji hadi mpaka wa Uswisi. Mbele ya kila handaki kulikuwa na seng'enge, na nyuma ya seng'enge bombom, bunduki za kumimina risasi mfululizo. Askari aliyetoka handakini kwenda kwa adui alikuwa anakwenda kufa. Ofisa mmoja wa Kiingereza wa kikosi cha wahandisi, Ernest Swinton, alikuwa akiwaza juu ya trekta la Kimarekani la kampuni ya Holt, linalotambaa kwa minyororo kwenye matope. Likivikwa deraya, je? Lingepita juu ya seng'enge, livuke handaki, liibomoe bombom.

Wakubwa wa jeshi la nchi kavu hawakulichangamkia wazo hilo. Aliyelidaka ni Winston Churchill, na wakati huo alikuwa waziri wa jeshi la majini. Februari 1915 aliunda kamati, na kwa kuwa ilikuwa kamati ya watu wa baharini, chombo walikiita "landship", yaani meli ya nchi kavu. Kiswahili chetu kina neno linalokaa hapo vizuri zaidi: manowari. Nalo ni la Kiingereza, limetokana na "man-of-war", jina la zamani la merikebu ya vita. Kwa hiyo Churchill alikuwa anataka manowari ya nchi kavu.

(Kwa bahati, mwaka huo huo huku kwetu ilikuwapo ya aina yake. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilizamishwa kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, na Wajerumani wakaiopoa mizinga yake yote kumi, wakaitia magurudumu na kuiburuza nchi nzima kwa nguvu za watu. Mmojawapo upo Ngome ya Yesu, Mombasa.)

Kazi ya kuunda chombo ilipewa kampuni ya William Foster ya mji wa Lincoln, waliokuwa wakitengeneza zana za kilimo. Mkurugenzi wake William Tritton na luteni Walter Wilson walichora michoro kwenye chumba cha hoteli ya White Hart. Shida kubwa ilikuwa minyororo: ile iliyoagizwa Marekani ilikuwa ikichomoka kila gari lilipovuka shimo. Tarehe 22 Septemba 1915 Tritton alipeleka simu ya maandishi London kwa maneno ya fumbo, kana kwamba anatangaza uzazi. Alisema mtoto wa awali amefariki kwenye majaribio, lakini amezaliwa mwingine wa bamba la chuma, mwepesi na mwenye nguvu, na wazazi wanajivunia. Maana yake minyororo imepatikana.

Sasa ikaja shida ya siri. Chombo cha tani 28 huwezi kukificha mfukoni. Kitapita kwenye reli kikiwa kimefunikwa turubai, watu watauliza. Wafanyakazi wa kiwandani walikuwa wameambiwa wanatengeneza vyombo vya kubebea maji kwa ajili ya jeshi lililoko jangwani Mesopotamia, na ukitazama umbo lake la kisanduku kikubwa cha chuma, uongo huo ulikuwa na sura ya kweli. Mkesha wa Krismasi, 24 Desemba 1915, Swinton na mwenzake Walter Dally Jones walikaa kutafuta jina la kuandika kwenye nyaraka. Walipima maneno kadhaa yenye maana ya chombo cha kuhifadhia: "container", "cistern", "reservoir". Yote yalikuwa mazito mdomoni. "Tank" lilikuwa na silabi moja, halina makeke, na halimwambii jasusi chochote. Wakalichukua.

Nimesikia lilichaguliwa kukwepa neno la chooni. Ni kweli?

Kisa hicho hakikuzuliwa na watu wa mitandaoni. Kilisimuliwa na waliokuwamo kwenye kamati yenyewe. Jina la kwanza la kuzuga lilikuwa "water carrier", kibeba maji. Kiingereza cha kiofisi hupenda kufupisha kila kitu, na herufi mbili za mwanzo, W.C., ndizo zilizokuwa (na bado ni) alama ya choo. Hakuna mkubwa aliyetaka kuwa mjumbe wa Kamati ya Choo. Ikaitwa kamati ya ugavi wa "tank".

Kwa hiyo visa hivi viwili havipingani. Uongo wa maji ndio ulioleta familia ya maneno, na aibu ya choo ikasaidia kulitupa moja.

Na ile habari ya Urusi?

Baadhi ya vyombo hivyo vilipokuwa vikisafirishwa viliandikwa ubavuni, kwa Kirusi na kwa herufi kubwa, maneno yenye maana ya "Kwa uangalifu, kwenda Petrograd". Kwa hiyo jangwa la Mesopotamia likabadilika kuwa theluji ya Urusi. Kwenye eneo la mazoezi la Elveden, mashariki mwa Uingereza, palizungushiwa ulinzi mkali hata wenyeji wakavumishiana kwamba serikali inachimba shimo la chini kwa chini hadi Ujerumani. Ukikataza watu wasijue, watajitungia.

Kwani kabla ya "tank" askari walikiitaje?

Cha kwanza kabisa, kilichomalizika Septemba 1915, kiliitwa Little Willie. Cha pili, ambacho ndicho kilichopata lile umbo la msambamba tunaloliona kwenye picha za zamani, kiliitwa Mother, yaani Mama. Mama ndiye aliyepelekwa kwenye viwanja vya Hatfield kufanya majaribio mwishoni mwa Januari 1916, na tena tarehe 2 Februari mbele ya Lord Kitchener, waziri wa vita, ambaye alikiona ni kichezeo tu. Hata hivyo vikaagizwa 100, baadaye vikaongezwa hadi 150.

Mwanzoni kabisa Swinton alipenda kutumia neno "caterpillar", yaani kiwavi, kwa jinsi mashine ilivyokuwa ikitambaa. Neno hilo halikufika jeshini, lakini lilifika kwetu kwa njia nyingine: ndilo katapila, linalosukuma udongo barabara inapojengwa. Katapila na kifaru ni ndugu wa damu, mmoja alikwenda jeshini na mwingine akabaki kwenye ujenzi.

Dunia ilikijua lini?

Tarehe 15 Septemba 1916, kwenye mapigano ya Somme, Ufaransa, karibu na vijiji vya Flers na Courcelette. Vilipelekwa 49. Vilivyofika pa kuanzia ni kama 32, vingine viliharibika njiani au kunasa kwenye mashimo ya mizinga, na vilivyofika kwa adui ni vichache sana. Lakini kimoja kiliingia kijiji cha Flers kikatembea barabara kuu huku askari wa miguu wakikifuata nyuma. Rubani aliyekuwa akichungulia kutoka juu akaripoti hivyo, na magazeti ya London yakalishika neno lile la kuzuga kama vile halikuwahi kuwa la kuzuga. Picha zenyewe hazikuruhusiwa kuchapishwa hadi Novemba. Kwa wiki kadhaa, basi, Mwingereza wa kawaida alikuwa na neno bila sura: alisikia kwamba "tangi" limetembea, na kila mtu akachora lake kichwani.

Novemba 20, 1917, pale Cambrai, viliingia zaidi ya 400 kwa mpigo mmoja na kengele za makanisa ya London zikapigwa. Baada ya siku kumi Wajerumani wakajibu na kurudisha sehemu kubwa ya ardhi. Jina lakini lilikuwa limeshaota mizizi: Julai ya mwaka huo waliokuwa wakiendesha vyombo hivyo walikuwa wamepewa kikosi chao wenyewe, kikaitwa Tank Corps. Neno la kumficha jasusi likawa limeshonwa begani.

Ndani palikuwaje?

Kubaya. Injini ya nguvu za farasi 105 ilikaa katikati ya chumba, pamoja na watu wanane, bila ukuta wowote wa kuwatenganisha. Joto lilipanda kama tanuri la mkate, moshi ukawatapisha. Kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba kamanda aligonga kifuniko cha injini kwa spana ili kuwapa ishara waliokaa nyuma kwenye gia. Kukiendesha kulihitaji watu wanne wakielewana, na mwendo wake wa juu ulikuwa kama kilomita 6 kwa saa, ambao mtu mwenye haraka ya kuwahi daladala anaupita kwa miguu. Ujumbe ulipelekwa kwa njiwa, waliotolewa kwenye tundu dogo ubavuni.

Risasi zilipogonga bamba kwa nje, vipande vya chuma chenye moto viliruka ndani. Kwa hiyo wengine walivaa kinyago cha ngozi chenye pazia la vikuku vidogo vya chuma kuanzia puani kushuka chini. Hiyo ndiyo deraya hasa, kwa maana ya zamani ya neno hilo, ile ya mashujaa wa tenzi. Karne ya 20 ndani ya gari la injini, mtu amevaa deraya usoni.

Kwa nini vitabu vinasema kulikuwa na "male" na "female"?

Cha kiume kilikuwa na mizinga miwili midogo ubavuni pamoja na bombom. Cha kike kilikuwa na bombom tupu, kazi yake kuwalinda wenzake dhidi ya askari wa miguu. Ni mgawanyo wa silaha tu. Ukitafsiri, "kifaru cha kiume" na "kifaru cha kike" vinaeleweka, ila fafanua mara ya kwanza, la sivyo msomaji atadhani umehamia mbugani.

Lugha nyingine zinakiitaje?

Hapa utaona nani aliununua ule uongo na nani aliukataa. Warusi, Waturuki na wengine wengi wanasema "tank". Wachina wameliiga kwa sauti, tanke. Wote hao wamebeba pipa la maji la Swinton bila kujua.

Wafaransa wao husema char, ambalo asili yake ni gari la kukokotwa. Waitaliano husema carro armato, gari lenye silaha. Wajerumani walichukua neno lenye maana ya deraya, Panzer, ambalo nalo limetokana na Kifaransa cha kale na lilianza kama kinga ya tumbo. Wapoland walitazama mwendo wake: czołg linatokana na kutambaa. Waarabu walifanya vivyo hivyo, na walikuwa na neno lao tayari. Dabbaba, kinachotambaa, lilikuwa jina la kibanda cha kusukumwa ambacho wapiganaji wa zamani walijificha ndani yake hadi kwenye ukuta wa mji ili waubomoe. Neno likatolewa stoo, likafutwa vumbi. Waswahili walioko Maskati na Ghuba hulisikia kila siku kwenye taarifa za habari.

Na sisi, kwa nini kifaru?

Kwa sababu tulikitazama. Ngozi nene, pembe iliyotangulia mbele, macho hafifu, na tabia ya kushambulia moja kwa moja bila kukwepa kichaka. Badilisha pembe kwa mzinga, ngozi kwa bamba, na macho hafifu yaache yalivyo, maana dereva wa kifaru huona nje kupitia upenyo mwembamba tu. Sijaona lugha nyingine iliyolenga shabaha namna hii. Neno la Kiingereza lilichaguliwa ili usijue kitu kikoje, letu linakuonyesha kabla hujakiona.

Askari wa Afrika Mashariki waliopigana Abisinia mwaka 1941 na Burma mwaka 1944 walikuwa kwenye vita ambavyo zana hizi zilitumika. Kwa Watanzania wa makamo, lakini, neno hili lina sauti ya redio ya 1978 na 1979, wakati wa vita vya Kagera, Amin alipovamia na jeshi letu likavuka mpaka na vifaru vilivyotoka China. Mjomba wangu hakuwahi kuwa askari, lakini mpaka alipofariki akisema "vifaru" alishusha sauti, kama mtu anayetaja kitu kilicho chumba cha pili.

"Kifaru ameingia mjini" au "kifaru kimeingia mjini"?

Yote mawili ni Kiswahili safi, lakini ni habari mbili tofauti. Mnyama, hata akianza na ki-, hufuata upatanisho wa viumbe hai: kifaru ameingia, vifaru wameingia, kifaru wa Ngorongoro. Zana hufuata ki-vi: kifaru kimeingia, vifaru vimeingia, kifaru cha jeshi. Kiambishi kimoja kinatosha kukueleza kama uite askari wa wanyamapori au ujifiche chini ya kitanda.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye habari zilizotafsiriwa haraka ni "vifaru wa Urusi wamesonga mbele". Nikisoma hivyo naona kundi la wanyama wenye pembe wakivuka theluji. Andika "vifaru vya Urusi vimesonga mbele".

Faru na kifaru ni kitu kimoja?

Kwa mnyama, ndiyo. Watu wa hifadhi siku hizi wanapenda "faru", na habari zilizovuma zimelisambaza: Faru John, ambaye kuhamishwa kwake kutoka Ngorongoro kulimfanya Waziri Mkuu aagize uchunguzi mwaka 2016, na bibi Faru Fausta, aliyefia Ngorongoro Desemba 2019 akiwa na miaka 57. Kwa zana ya vita hakuna anayesema faru. Naona lugha inajipangia yenyewe, faru abaki porini na kifaru kibaki kambini. Sitashangaa wajukuu wetu wakikijua kifaru cha chuma tu.

Kila gari la deraya ni kifaru?

Hapana. Gari la deraya ni gari lolote lililokingwa risasi, mengi hutembea kwa magurudumu na kubeba askari. Mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilileta huku Afrika Mashariki magari ya deraya ya Rolls-Royce kupigana na Wajerumani. Hayo hayakuwa vifaru. Kifaru kina mambo matatu kwa pamoja: minyororo, deraya nzito, na mzinga mkubwa kwenye sehemu ya juu inayozunguka. (Mark I, ile aina ya kwanza ya 1916, haikuwa na sehemu ya kuzunguka. Yenyewe ilitangulia kanuni.)

"Tank top", "think tank", "tanked up": nayo yametoka jeshini?

Hakuna hata moja. Ile fulana isiyo na mikono, singlendi, imepata jina lake kwa vazi la kuogelea, kwa kuwa bwawa la kuogelea nalo liliitwa "tank". "Tanked up" ni mtu aliyejaza pombe kama anavyojaza petroli. "Think tank" ni taasisi ya watafiti na washauri, na "tank" yake ni kichwa kilichojaa fikra. Usithubutu kuandika "kifaru cha kufikiri". Nimeiona.

"Tanker" ndilo la kuangalia. Kwa kawaida ni meli ya mafuta au lori la mafuta, lakini kwenye Kiingereza cha jeshi la Marekani ni askari wa kifaru. Soma sentensi nzima kabla hujaamua.

Vile vya mwanzo vipo bado?

Vichache. Little Willie yupo kwenye jumba la makumbusho la Bovington, kusini mwa Uingereza. Kingine, kilichoitwa Deborah, kilipigwa Cambrai mwaka 1917, kikafukiwa, kikafukuliwa mwaka 1998 kwenye kijiji cha Flesquières, na matundu ya mizinga yapo ubavuni hadi leo.

Ninachokipenda mimi ni cha mji wa Ashford, kusini-mashariki mwa Uingereza. Baada ya vita serikali iligawa vifaru kwa miji iliyochangia fedha, vikawekwa kwenye viwanja kama mapambo. Vingi vilikatwa vikauzwa chuma chakavu. Cha Ashford kilinusurika kwa sababu mwaka 1929 kiliwekewa transfoma ya umeme tumboni, kikatumika hivyo kwa miaka mingi. Yaani hatimaye kikawa kweli kisanduku cha chuma cha kuhifadhia kitu, kama wale wa Lincoln walivyoambiwa.

Mimi ni fundi bomba. Niandike tangi, tanki au tenki?

Kamusi inapendelea tangi, wingi matangi. Mtaani tanki limeshika, na Kenya utasikia sana tenki. Wengine huita kila pipa la plastiki simtanki, hata kama limetoka kiwanda kingine. Kwenye ankara andika "tangi la maji", kisha ujazo wake, kisha kama mteja alinunua mwenyewe au umelinunua wewe, kwa sababu ugomvi wa mwisho uliokuleta kwangu haukuwa wa lugha.